Mashavu ya Kashaija

Nyakatuntu, Kyerwa
6 Februari 2024

Dada Kokushubira,

Shikamoo. Hali yako siulizi, maana utanijibu magoti, na magoti yako nimeyasikia tangu enzi za kaseti. Leo kaa chini unisikilize mimi.

Dada, nimejichukia. Juzi nilikuwa najaribu shati dukani, muuzaji akaniletea kioo kirefu, vile vya mjini vinavyomwonyesha mtu mpaka kisigino. Nikamwona mzee mmoja ana tumbo la mimba ya miezi minane na miguu ya korongo. Nikasogea nimpishe, naye akasogea. Kumbe ni mimi! Mimi Protase, niliyelala Kampala kwenye hoteli yenye lifti, niliyekula samaki Bujumbura na mawaziri wawili (walikuwa meza ya pili), leo nimekuwa debe lililosimamishwa juu ya vijiti vya maharage. Nilirudi nyumbani bila shati. Chakula cha mchana nilikisusa kwa kinyaa. Nilikila saa kumi.

Usingizi nao umenihama. Unajua mnyauko umeingia kwenye migomba yangu. Nikifumba macho naiona inalegea mmoja mmoja kama walevi. Madalali wenzangu wanapakia ndizi kwenye malori ya Mwanza, mimi napakia mawazo.

Sasa, kuna bwana mmoja kule Kihanga anaitwa Kashaija, wateja wake humwita Profesa. Alinitazama tumbo bila kulishika, akasema, "Mzee, hili si tumbo la chakula. Hili ni tumbo la mawazo." Dada, nilitaka kulia. Akanieleza kwamba mwilini kuna homoni inaitwa kotizoli. Ukiwa na mawazo inapanda, na ikipanda inakusanya mafuta ya mwili mzima inayapeleka tumboni, kama mizigo yote ya wilaya inavyokusanyika Omurushaka. Dawa yake ni mitishamba: omubilizi, mlonge, na mizizi ambayo ni siri ya ukoo wao. Inashusha homoni, inachonga umbo. Alisema kuchonga, dada! Kama mtu anavyochonga mwiko.

Nakutumia chupa mbili kwa dereva wa Noah. Amesema hata magoti inatibu. Kijiko kikubwa asubuhi na jioni. Inanuka, sikufichi, inanuka kama maji yaliyooshewa kwato. Ziba pua, mfikirie Yesu, meza.

Ningekupigia, lakini simu yako ulimpa ng'ombe aikanyage, na hapa kwetu kila nikisimama penye mtandao naandikiwa karibu Rwanda.

Mdogo wako, sura bado ipo,
Protase


Bweranyange
17 Februari 2024

Mdogo wangu Protase,

Marahaba. Imefika chupa moja. Nyingine ilivuja ndani ya gari, na abiria wawili walishuka kabla ya kituo chao. Dereva amesema mzigo wako hatabeba tena.

Omubilizi naujua. Mama alitunywesha kila tulipopata homa, nawe ulikuwa unautemea ndani ya buti la baba. Ni mchungu, lakini uchungu wake ni safi, unapita na kwenda zake. Huu wa bwana wako unabaki ulimini, una chumvi kwa nyuma, una harufu ya kitu kilichofia mtungini. Kijiko cha kwanza nilikitapika. Cha pili nimekimeza kwa sababu yako, maana najua ukitoa kitu unakitoa kwa moyo wote, hata kikiwa kimeoza.

Kuhusu tumbo. Acha soda. Acha hiyo pombe ya lubisi ya kila jioni. Kwenda shambani nenda kwa miguu, usibebwe kwenye pikipiki kama mtemi. Kula maharage na mboga, lala mapema, na huo mnyauko kang'oe migomba iliyougua uifukie, maana nusu ya mawazo yako ni kazi uliyoiacha. Hayo hayahitaji profesa.

Nakutumia akamwani kidogo. Nimeichemsha na majani mimi mwenyewe. Ni ya wageni. Wewe huitafuna kutwa kama mbuzi, halafu ukikosa usingizi unasema ni mawazo. Kahawa ni kahawa, hata ukiitafuna.

Binti yangu Mackrine anakusalimu. Bado anafundisha Kayanga, bado hajaolewa, usimuulize.

Dada yako,
Kokushubira


Nyakatuntu
3 Aprili 2024

Dada mpendwa, kiongozi wa kwaya,

Shikamoo tena! Ungeniona ungenipigia makofi. Nimerudi ujana. Mgongo ulioniuma tangu ajali ya lori la Kyaka, hauumi. Nabeba mkungu wa ndizi kwa mkono mmoja mbele ya watu, halafu naangalia pembeni kama sijui kwamba wananiangalia. Hamu ya kula ndiyo usiseme. Jana nilimaliza ebitoke, ndizi za watu wanne, na Deodatha mke wangu akabaki na sufuria anaitazama kama mtu aliyeibiwa.

Tumbo bado lipo, sikatai. Limeongezeka kidogo. Nilimuuliza Kashaija, akacheka sana, akasema homoni kabla ya kutoka hukusanyika kwanza, halafu inatokea usoni. Na kweli inatoka, dada! Mashavu yamejaa, yanang'aa, yamekuwa mekundu kidogo kama ya padri wa Kizungu. Sasa nikipita sokoni wananiita Mheshimiwa. Mtu ambaye mwaka jana hakuniitikia salamu, juzi alinipisha kiti. Wanasema Protase ametulia, Protase mambo yamemnyookea. Na migomba yangu inakufa vilevile! Ningejua heshima inakaa mashavuni ningeyapuliza tangu ujana.

Ladha ndiyo sijaizoea. Safari hii ina vitu kama nywele. Nilimuuliza, akasema ni nyuzi za mizizi. Nikameza macho yakiwa juu.

Nimekuwekea chupa sita kwenye gari jingine, nimezifunga na mifuko mitatu. Mbili zako, nne wagawie wale wanakwaya wenzako wanaolalamika viungo. Waambie ni zawadi ya Protase. Mimi kitu kizuri nikikila peke yangu kinanikwama kooni, ndivyo Mama alivyonizaa.

Mheshimiwa,
Protase


Bweranyange
30 Aprili 2024

Protase,

Marahaba. Naandika barua hii kwa aibu, kwa hiyo usiisome kwa sauti.

Jumapili nimepanda kilima cha kanisa bila fimbo. Nilifika juu nikasimama nikawasubiri wengine, mimi ambaye huwa nasubiriwa. Nililia kidogo nyuma ya kengele. Miaka tisa, Protase. Nilikukosea kwa maneno yangu ya Februari.

Wale wanne wanakunywa. Benadeta anakunywa kuliko wote, amejaa uso mpaka macho yameingia ndani, anatembea kama bibi harusi. Mchungaji alisema mbele ya watu kwamba kwaya imependeza, Bwana ametubariki. Tukainama. Hakuna aliyesema ni chupa.

Mackrine alikuja likizo. Alinitazama mlangoni, hata shikamoo hakutoa, akasema, "Mama, uso wako umekuwa sahani." Nikamwambia sahani ni ya mtu aliyeshiba. Akasema, "Mikono yako imekonda, Mama, na hapa penye mkono pana nini?" Pana alama nyeusi, nimejigonga kidogo tu kwenye mlango. Nikamfokea. Ameondoka amenuna.

Lakini nikuambie ukweli: kila nikimeza natetemeka kwa kinyaa. Nakunywa kama mtu anayeiba. Lete nyingine.

Dada yako,
Kokushubira


Nyakatuntu
8 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Chupa tano zimekuja na huyu kijana wa bodaboda.

Nina jambo dogo, la kucheka. Nilijikata mguuni na jembe mwezi wa nne. Kidonda hakitaki kupona. Kinatoa maji na kinanuka, na mimi nimezoea kunuka kwa watu wengine. Kiu nayo: nakunywa ndoo, naenda chooni, narudi kwenye ndoo. Sisimizi wameanza kunifuata kule chooni, wanapanga foleni kama watu wa ruzuku ya mbolea. Deodatha aliwaona, hakucheka.

Na tumboni imetokea michirizi. Ya zambarau, minene, kama nimechapwa fimbo na malaika. Nyuma ya shingo kuna nundu. Nundu, dada! Nikivua shati usiku namgeuzia mke wangu kisogo, halafu nakumbuka nundu, nageuka tena. Sina upande mzuri.

Kashaija anasema ni sumu inatoka. Mimi nasema sumu hii ina haraka gani ya kunipamba.

Nitaenda hospitali ili Deodatha anyamaze. Si kwamba naogopa. Mimi nilivuka Kagera kwenye mtumbwi unaovuja, viboko wakiniangalia. Usimwambie mtu.

Protase


Bweranyange
16 Juni 2024, Jumapili

Protase,

Mwaka mzima huu nimekuwa mjinga, na leo nimeacha.

Jana nilikuta chupa imekaa wiki nzima bila kutikiswa. Chini palikuwa na unga mweupe, mzito, wa kidole kizima. Nimechemsha omubilizi tangu nikiwa msichana, sijaona hata siku moja majani ya kijani yakizaa unga mweupe. Nikachukua kitambaa cha kuchujia maziwa nikamimina. Kwenye kitambaa kilibaki kipande cha kidonge, nusu, kimepigwa mstari katikati kama vile vya dukani. Na mguu wa mende. Na zile ulizoambiwa ni nyuzi za mizizi, Protase, ni nywele za mtu. Ni za kipilipili.

Nilitapika mpaka nyongo. Nikamimina chooni zote, zile tano na iliyofunguliwa, nikamwaga na majivu juu. Kitambaa nimekichoma. Leo baada ya ibada nimewaita wanakwaya wote wanne pembeni, nikawaambia wamwage siku hii hii, na Benadeta amemwaga mbele ya macho yangu huku akilia. Hakuna tone lililobaki Bweranyange.

Uliniletea uchafu ukauita zawadi. Nami nikaugawa kwa mkono wangu, mkono unaoshika kitabu cha nyimbo. Najinawa tangu jana, sisikii kutakata.

Usinijibu mpaka kinyaa kiishe. Nitakuambia kikiisha.

Kokushubira


Hospitalini, wodi ya wanaume
17 Juni 2024, Jumatatu

DADA, USIACHE DAWA GHAFLA. USIIMWAGE. Soma mstari huu kwanza, halafu nenda hospitali na chupa yako, halafu ndiyo usome mengine.

Nimempigia jirani yako Jovitus, yuko msibani Mwanza. Mackrine hapatikani. Kwa hiyo barua hii inakuja na bodaboda moja kwa moja mpaka mlangoni kwako, nimemwambia akisimama kunywa chai namlaani.

Jumatatu iliyopita nilikuja hapa. Daktari ni msichana mdogo kuliko Mackrine. Akanifunua tumbo, akaangalia ile michirizi, akashika nundu, akaniuliza, "Baba, unatumia dawa gani?" Nikajigamba. Nikamweleza kotizoli yote kama nilivyofundishwa, na Omurushaka nikaiweka. Alinisikiliza mpaka mwisho, adabu anayo, halafu akasema, "Baba, hiyo homoni unayoikimbia ndiyo unayoinywa."

Anasema kuna vidonge vya jamii ya homoni hiyo hiyo, vya kiwandani. Ni dawa nzuri kwa anayehitaji, akipimiwa. Vinatuliza maumivu, vinaleta hamu ya kula. Lakini ukivila kila siku bila kipimo vinakujaza uso, vinakujaza tumbo, vinakukausha miguu, vinapandisha sukari, kidonda hakiponi. Watu wa mitishamba wa uongo wanavisaga wanavichanganya humo ili mteja asikie nafuu na kurudi. Nikamwambia mwanangu, wewe bado mdogo, mimi nimetembea nchi nne. Nikaondoka.

Alhamisi nikaenda Kihanga kumletea huyo binti ushahidi. Sikupiga hodi. Dada, nimelala kwenye magereji, nimekula kwenye vibanda vya mpakani, sijaona kitu kama kile. Uani kuna beseni la kuogea, lenye utando wa sabuni pembeni, na ndani dawa yetu. Bata wawili wanakunywa humo, matumbo yao yanaburuta chini. Kwenye kinu cha kusagia kahawa amekaa mwanamke anasaga vidonge vyeupe, makopo matupu yamerundikwa mpaka dirishani, na pembeni Kashaija ananyolewa, nywele zinaruka. Ananyolewa, dada, juu ya beseni! Akaniona, akasema, "Karibu Mheshimiwa." Mkononi ameshika soda. Nikamwambia akinywe kile cha kwenye beseni mbele yangu. Akacheka: "Mimi siumwi." Nilitapikia viatu vyake. Ndilo jambo pekee nililolifanya mwaka huu ambalo sijutii.

Nikarudi hospitali Ijumaa, nikaanguka mlangoni. Sukari. Wamenilaza, mguu umefungwa.

Sasa sikiliza. Daktari anasema juu ya figo kuna vitezi vinavyotengeneza homoni hiyo. Ukiimimina kutoka nje kwa miezi, vitezi vinalala. Ukiacha ghafla, mwili unabaki haunayo kabisa, na bila hiyo mtu anatapika, analegea, presha inashuka, anakufa. Inapunguzwa polepole, kidonge kwa kidonge, daktari akihesabu. Mimi ndivyo wanavyonifanyia.

Haya nilijua tangu Ijumaa. Sikuandika Ijumaa, wala Jumamosi, wala Jumapili. Nilikuwa natafuta namna ya kukuandikia ambayo ingebaki kuchekesha.

Protase


Hospitali, Karagwe
18 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo.

Mama alianza kutapika Jumapili usiku. Jirani mwingine alinipata jana jioni, nimefika leo asubuhi. Nilimkuta sakafuni, midomo imekauka, ananiita kwa jina la Bibi. Tulidhani ni malaria. Nilishamwendea mtu wa kumpima, na kama kipimo kingesoma malaria tungemnywesha dawa na kumlaza. Barua yako ilifika saa sita wakati namtafutia kanga.

Nilisoma mstari wa kwanza. Tulimpakia kwenye gari la maziwa. Nilimpa daktari barua yako mkononi, sikuwa na maneno mengine. Wamemchoma sindano ya hiyo homoni na maji ya mishipani. Saa kumi alifungua macho akauliza nani anamkamulia ng'ombe. Hajavuka hatari, wanasema tusubiri kesho.

Barua yako imemwokoa na barua yako ndiyo iliyomlaza hapa, kwa hiyo sikushukuru wala sikutukani. Umeandika kwamba ulijua tangu Ijumaa. Mama aliacha Jumamosi.

Usije wodini. Nikiona hayo mashavu sasa hivi nitakutapikia. Lakini wale wanakwaya wanne nao waliambiwa na Mama wamwage, na mimi siwezi kumwacha. Wewe ndiye uliyewapa. Wafuate.

Mackrine


Bweranyange, kwenye benchi la zahanati
21 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Najua ulisema nisijibu mpaka kinyaa kiishe. Changu hakijaisha pia, tuandikiane navyo.

Juzi nilitoka hospitali kwa kusaini karatasi kwamba nikifa ni juu yangu. Daktari alinipa vidonge vyangu vya wiki mbili na barua ya kuwaonyesha wenzake huko, akasema, "Baba, rudi." Deodatha alikaa nyuma yangu kwenye pikipiki ili nisianguke. Tumeshikana hivyo mara ya mwisho mwaka tuliooana.

Wa kwanza tulimkuta kitandani, amelegea, mumewe anamchemshia uji. Nikasema mchukueni hospitali. Mumewe akaniuliza, "Wewe ndiye Protase wa zawadi?" Nikasema ndiye. Hakunipiga, alinisukuma tu begani akapita na mke wake mgongoni. Yuko wodi moja na wewe, utamwona. Wa pili na wa tatu walikuwa shambani wamekaa chini ya migomba hawajiwezi, kila mmoja akidhani ni uvivu, na kila mmoja anamficha mwenzake. Hawakutaka kunisikia. Mmoja alisema, "Kokushubira amesema ni uchafu, wewe unasema tusiache uchafu. Ninyi ukoo wenu mnatuchezea?"

Basi nikavua shati. Pale pale, mchana, mbele ya wake za watu. Nikawaonyesha tumbo lenye michirizi, nikageuka nikawaonyesha nundu, nikafungua na bandeji waone kidonda. Nikawaambia hiki ndicho nilichowapa, kimeshaingia, na kutoka hakitoki kwa kumwaga. Mmoja alifunika macho na kanga. Mwingine alinitazama mpaka nikaona haya, akasema, "Mawe, mama yangu! Na mimi ninayo hiyo, mapajani. Nilidhani ni laana." Wakainuka.

Benadeta nilimwacha wa mwisho, nikijua ndiye mnywaji, nikijua nitakuta turubai la msiba. Nimemkuta anapepeta maharage, mashavu haya hapa, anaimba.

"Benadeta, hukumwaga?"

"Nilimwaga. Dada yako shahidi."

"Ulimwaga nini?"

Akatazama kushoto na kulia. "Maji ya mchele. Niliyatia majani ya chai kidogo yapate rangi."

"Na machozi yale?"

"Machozi yalikuwa ya kweli. Nililia kwa kumdanganya kiongozi wa kwaya, na siku ya ibada." Akaichomoa chupa kutoka kwenye gunia la maharage, ameikumbatia kama mtoto. "Waitu jamani, mume wangu hajanitazama usoni miaka kumi na miwili. Tangu niote mashavu haya anarudi nyumbani mapema. Mniache nife nimenenepa."

Dada, nilijua kucheka ni dhambi na nikacheka, halafu nikaona chini ya chupa ule unga, kidole kizima, nikakoma. Tumemleta zahanati na chupa yake. Tabibu wa hapa amesoma barua ya daktari, ameandika ya kwake, kesho wote watatu wanapelekwa hospitali kupangiwa dozi ya kushukia. Ukaidi ndio uliomweka mzima Benadeta, na utii umewalaza ninyi. Sijui mchungaji atahubiri nini hapo.

Nimepita na Kihanga kwa njia ya simu: polisi walikwenda, Kashaija hayupo. Ameacha beseni.

Ijumaa ile, dada. Nakuomba usinisamehe haraka.

Protase


Bweranyange
25 Agosti 2024

Protase,

Marahaba, kwa barua zote tatu ambazo sikujibu.

Nipo nyumbani tangu mwanzo wa Julai. Daktari amenipunguzia tena. Sasa nakula nusu ya kidonge asubuhi, na kadi nimeitia kwenye Biblia nisisahau tarehe ya kurudi. Amenionya nikipata homa au nikiumia nimweleze mara moja, kwa sababu vitezi bado vinasinzia. Magoti yamerudi kama yalivyokuwa, na zaidi. Kilima napanda na fimbo, napumzika mara mbili. Nalala saa tatu. Nakula maharage, mboga ya dodo na kitoke kimoja, Mackrine akinihesabia kama askari. Jioni tunatembea mpaka kwenye chemchemi na kurudi, sisi wote watano, Benadeta nyuma analalamika.

Mume wa Benadeta bado anarudi mapema. Amemwambia alikuwa anarudi mapema tangu Pasaka kwa sababu duka la lubisi lilifungwa. Benadeta hajaongea naye siku mbili.

Kinyaa hakijaisha. Nikiona chupa yoyote ya plastiki imesimama dirishani naiangusha kwa fimbo. Nimejaribu kukuchukia wewe badala ya chupa, ingekuwa rahisi. Nashindwa, kwa sababu na mimi nilimeza huku nikijua inanuka, na nilikuandikia lete nyingine. Ijumaa yako nimeiweka pamoja na Jumapili yangu, ile niliyowaita pembeni nikawaamuru. Mungu atazipima, mimi nimechoka.

Mackrine anasema unaweza kuja. Hakusema kwa furaha, amesema.

Uso wangu umeshuka. Ngozi imebaki inaning'inia kama soksi, na michirizi haifutiki. Leo baada ya ibada wamenizunguka wakinishika mikono, wakinionea huruma: Mama Mackrine umekwisha, Mama Mackrine unaumwa nini, tukuombee? Mmoja ameninong'oneza kwamba anafahamu mtu mwenye dawa ya kurudisha mwili. Nimewaambia wote wasikie: nilikuwa naumwa mlipokuwa mnanisifu.

Huko kwenu najua wanakuzika mapema zaidi, maana wewe ulikuwa Mheshimiwa. Waache. Njoo Jumamosi, tembea kutoka barabara kuu, usipande pikipiki. Ukifika nitakupa jembe.

Dada yako,
Kokushubira